Bibi Toka Nje na Msusi Aliyelia Dirishani

Wasikilizaji wapendwa, asubuhi ile msusi alikuwa kazini kama siku zote. Mteja amekaa kwenye kigoda, kichwa kimeegemea magoti ya msusi. Upande mmoja umeshasukwa, upande wa pili nywele zimesimama wima. Msusi anachambua, anagawa, anasuka. Simu ikaita. Akaibana kwa bega, vidole vikiendelea na kazi. Kisha vidole vikasimama.

"Bibi hatunaye tena," ilisema sauti ya mzee. Alikuwa mume wa marehemu.

Mteja akageuza shingo, akauona uso wa msusi. "Nenda, dada," akasema. "Mimi nitajifunga kitambaa. Nani atanikagua?"

Leo tunamkumbuka bibi huyo. Mji mzima ulimwita Bibi Toka Nje, naye aliitika bila kununa. Kwa miaka mingi alisimamia mafunzo ya uongozi ya wilaya yetu. Hakufundisha mawaziri. Alifundisha wasusi, mafundi bomba, wauguzi, wenye maduka: wale ambao majirani huwagongea mlango mambo yanapoharibika. Darasa lake lilikuwa ukumbi wa bati, viti vya plastiki, na feni iliyozunguka siku ilipojisikia.

Mtihani wake ulikuwa mmoja tu. Unaitisha mkutano wa mtaa wako, juu ya shida yenu ya kweli. Mazungumzo yakikolea, Bibi kule nyuma anainua kidole: "Toka nje." Unatoka. Watu wakiendelea bila wewe mpaka wakaamua, umefaulu. Wakikaa kukungoja, umefeli. Ndiyo, wasikilizaji. Hakupima unavyosema wewe. Alipima wanavyosema wengine ukiwa haupo.

Msusi wetu alikuwa mwanafunzi wake. Shida ya mtaa wake ilikuwa mtaro mpana uliopita kati ya nyumba na shule. Mvua ikinyesha, watoto hawavuki. Mara ya kwanza alifeli vibaya. Alipotoka, ukumbi ulikufa ganzi, na shangazi yake mwenyewe akamfuata nje. "Mwanangu, hebu rudi. Tukodoleane macho mle ndani mpaka lini?"

"Ni kwa sababu wananipenda!" msusi alimlalamikia Bibi.

"Wanakupenda, sikatai," Bibi akajibu. "Ukiugua je? Watoto wavuke kwa mapenzi?"

Msusi akarudi mtaani. Safari hii hakumtangazia mtu mpango wake. Alipita nyumba kwa nyumba, akauliza, akanyamaza. Kwa mtu mwenye haya kama yeye, kunyamaza si kazi. Kazi ilikuwa kugonga mlango.

Ukafika mkutano wa pili. Kidole kikainuka. Msusi akatoka, akasimama chini ya dirisha, akatega sikio. Halafu akasikia sauti ya seremala. Halafu ya mwenye duka la vifaa. Na wawili hawa walikuwa hawasalimiani tangu wagombanie uzio.

"Mbao za daraja nitatoa mimi," alisema seremala.

"Na misumari je? Si utaifuata kwangu, wewe ambaye dukani kwangu hukanyagi?"

"Basi nitanunua."

"Nani kasema nauza? Natoa bure. Usinione mchoyo."

Ukumbi ukaangua kicheko. Kisha mama mmoja mjane, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia mkutanoni, akasema polepole: "Mimi sina kitu. Lakini mawe nitabeba." Mwingine akadakia, "Hubebi peke yako." Shangazi naye akapiga meza: "Maneno yamejaa, tutaje siku!" Wakataja siku. Hakuna aliyeuliza msusi yuko wapi.

Na msusi, pale dirishani, alikuwa analia. Bibi alipotoka alimkuta anajipangusa kwa mkono wa gauni.

"Umefaulu," Bibi akasema. Akamtazama vizuri. "Nimekuumiza, eh?"

Msusi akatikisa kichwa. Akaondoka mbiombio.

Daraja likajengwa, wasikilizaji wapendwa. Lipo hadi leo, na watoto wanavuka. Lakini kila walipokutana, Bibi alimshika mkono na kumuuliza kwa upole, "Mwanangu, bado una kinyongo nami?" Naye alicheka kwa haya. "Aa, Bibi, yalikwisha." Yapi hayo yaliyokwisha? Hakuwahi kusema.

Kwa mzee wetu, kwa watoto na wajukuu, poleni sana. Machozi yenu si ya nyumba moja. Nasi tulio hai, kila mmoja mahali alipo, tujiulize: sisi tukinyamaza kidogo, ni nani karibu yetu angepata nafasi ya kusema?

Tumalizie pale sebuleni kwa marehemu, siku ile ile ya simu. Viti vimejaa mpaka barazani. Msusi ameketi karibu na mlango. Mzee akamwona, akasema, "Wanafunzi wake wote aliwataja kwa fahari. Wewe tu, mjukuu wangu, alikutaja kwa wasiwasi. Alikuwa akisema, 'Yule nilimliza mtoto wa watu. Sijui kama nilimtendea haki.'"

Msusi, ambaye hajawahi kusimama mbele ya waombolezaji, akasimama. Sauti yake ikafika hadi barazani.

"Babu, sikuumia. Nililia kwa sababu sikujua kwamba watu wetu wana moyo mkubwa kiasi kile. Nimezaliwa kati yao. Vichwa vyao nimevisuka mimi. Na nilikuwa siwajui. Yeye ndiye aliyenionyesha. Asante, Bibi."