Masizi ya Dada Bertila

Ndugu waombolezaji, mimi ni Masolwa, kaka wa marehemu, ukoo umenituma nisome maisha ya dada yetu, na kwenye habari za kazi yake mtanivumilia, maana hata mimi nazisoma huku nikijiuliza.

Bertila Shigela alizaliwa tarehe 14 Machi 1986 kijijini Puge, wilaya ya Nzega, akasoma shule ya msingi hukohuko, sekondari mjini Tabora, kisha chuo kikuu Dar es Salaam na ng'ambo, akarudi mwaka 2017 na shahada ya uzamivu. Tarehe 6 Oktoba 2018 alifunga ndoa na shemeji yetu Octavian, wakajaliwa binti mmoja, Julieth, wakajenga hapa Cheyo.

Kazi yake ilikuwa kuotesha mirija ya kaboni, myembamba kuliko unywele mara maelfu, kwa kupitisha gesi kwenye tanuru juu ya chembe za chuma. Alitueleza kwamba kila mrija ni kama mkeka uliovingirishwa, ukivingirishwa sawasawa unapitisha umeme kama waya, ukienda mshazari tabia yake hubadilika, na taabu ni kwamba tanuruni huota ya kila namna kwa pamoja, naye alitaka namna moja tu. Sisi tulikuwa tunaitikia kwa vichwa.

Januari 2025 aligundulika na saratani ya ini, akarudi nyumbani na kichupa chenye masizi, akakiweka juu ya kabati, akasema hayo ndiyo. Hatukumuuliza ndiyo nini. Alifariki Jumanne, tarehe 10 Juni, alfajiri.

Kama ilivyo desturi, kina mama walisafisha nyumba kabla ya wageni kufika, na shangazi Zuwena akakisugua kichupa kwa majivu mpaka kikang'aa, akatia maua, ndicho kile pale juu ya jeneza. Jana Dokta Lugembe, aliyefanya naye kazi, alifika akikiulizia, kwani humo karibu mirija yote ilikuwa ya namna moja. Alipoyaona maua alikaa chini. Shangazi analia tangu jana, nasi hatujui kama analia msiba mmoja au miwili.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Cheyo, na wafanyakazi wenzake, ambao wamesema wataanza upya, ingawa hawajui mara ile alibadilisha nini, gesi, moto au chembe, maana wa kuulizwa ndiye huyu tunayemzika.

Dada, tuliona uchafu, tukausafisha kwa mapenzi. Upumzike kwa amani.