Maombi ni Jumapili

Feri ilipokaribia Mbita, mama mmoja alimgeukia mzee asiyemjua.

“Baba, nimetoka kanisa lile dogo la zamani, ambalo babu yangu alilibebea mawe likijengwa. Nimepiga magoti, mlinzi akaniinua kwa mkono! Ati leo ni ya watalii, maombi ni Jumapili!”

Mzee, aliyeonekana mtu wa kamati ya kanisa hilo, akakohoa. “Mama, watu wameiba hata kengele. Lazima walinde.”

“Walinde hata dhidi yangu? Na wale wageni wamekalia madhabahu wakipigwa picha?”

“Hao wamekuja kuona historia. Wewe ungengoja tu Jumapili.”

“Mtoto wangu amelazwa Homa Bay, hapumui vizuri. Yeye atangoja Jumapili?”

Feri ikagonga gati, na mama akawa wa kwanza kushuka.