Maisha ya Bwana Milimita, Fundi wa Magurudumu

Wazazi wangu, ndugu na majirani, mimi ni mtoto wa kwanza wa marehemu, binti yake, sina mazoea ya kusimama mbele za watu, kwa hiyo nitasoma kama nilivyoandika.

Baba yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Bwana Milimita, alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha magunia, akiwa wa kwanza kati ya watoto wawili, wa pili ni baba mdogo aliyekaa pale mbele. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1965 hadi 1971, alipenda hesabu kuliko masomo yote, lakini hakuendelea, maana babu alifariki mwaka huohuo, naye akabaki kumsaidia bibi kumlea mdogo wake.

Tarehe 2 Mei 1974 alianza kazi katika karakana ya baiskeli nyuma ya soko, mwaka 1983 akafungua ya kwake, chumba kimoja chenye dirisha kubwa, akajulikana kwa magurudumu aliyomuundia kila mteja kwa vipimo vyake. Alimuuliza mteja ana uzito gani, anabeba nini na anapita njia gani, ndipo akachagua rimu, habu ya katikati na spoki zinazopatana, akaandika urefu wa spoki ukutani kwa penseli, na mwisho akazigonga moja moja kwa ukucha akisikiliza mlio. Mteja akisema punguza urefu kidogo tu, alijibiwa kwamba rula hii haina kidogo, ina milimita.

Alifunga ndoa na mama tarehe 20 Desemba 1986, wakajaliwa watoto watatu na wajukuu wanne, wa mwisho ni huyu niliyembeba mgongoni.

Mwaka 1990 alimchukua baba mdogo wafanye kazi pamoja. Kila kifaa kilichoingia karakana baba alikipima upya, isipokuwa kilicholetwa na mdogo wake.

Tarehe 11 Agosti 2017 gurudumu la nyuma alilomuundia muuguzi wa zahanati lilifumuka kwenye mteremko, dada yule akavunjika mfupa wa bega, na lilipofunguliwa, spoki zilionekana fupi, zimeshika nati zake kwa ncha tu. Baba mdogo alisema mbele ya wateja, "Kaka, macho yako yamechoka, umepima vibaya." Baba aliamini, akaenda kumwomba radhi mgonjwa, akamkabidhi mdogo wake funguo za karakana, akakaa nyumbani karibu miaka minne bila kushika rula. Nami niliamini, nikawa namshika mkono kuvuka barabara.

Februari 2021 figo zilianza kumsumbua, akalazwa. Tarehe 3 Juni nilikwenda karakana kumchukulia koti lake la kazi, nikakuta chini ya meza boksi la spoki zilizobaki za gurudumu la muuguzi, juu limebandikwa karatasi ya milimita 292 kwa mwandiko wa baba mdogo, chini ya karatasi imechapwa 288. Ukutani, penseli ya baba ilisema 292. Nilipomuuliza, baba mdogo alisema siku ile alipotumwa dukani, za 292 zilikuwa zimekwisha, akaona uvivu kurudi kesho yake, akadhani milimita nne si kitu, kisha akaniomba nisimwambie baba.

Nilimwambia, nikamsomea namba za boksi. Baba akasema, "Soma tena, mama," nikasoma mara tatu. Akauliza, "Miaka yote hii alikuwa anajua?" Nikasema ndiyo, akageukia ukutani. Alifariki tarehe 9 Juni 2021, saa nne asubuhi, na baba mdogo alikuwa hajafika wodini.

Juzi kwenye kikao cha familia niliambiwa niandike kwamba aliacha kazi kwa sababu ya macho, ili tumzike kwa utulivu. Mnisamehe, sikuweza kuliandika hilo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mlioleta viti na kupika, na mafundi wenzake mliofunga karakana leo. Dada muuguzi, ahsante kwa kuja, hesabu ya gurudumu lako ilikuwa sahihi. Baba mdogo, mbao za jeneza umezileta wewe, tunashukuru, vipimo nilichukua mimi.

Baba, hukukosea. Pumzika kwa amani.