Ukurasa wa Mwisho wa Namba Kumi na Saba

Wazee wetu, shemeji yangu mfiwa, watoto wa marehemu, majirani, na ninyi wenzake wa kiwandani mliokuja na gundi bado vidoleni, poleni sana. Mimi ni mdogo wake marehemu, tulizaliwa wawili tu, nami nimepewa kazi ya kuwasomea maisha yake. Mnivumilie, maana historia niliyoiandika juzi niliichana jana mchana, na hii ninayoisoma imeandikwa na mtu aliyepigwa na butwaa.

Kaka yangu, ambaye wengi mnamjua kwa jina la Mzee Gundi, alizaliwa tarehe 14 Aprili 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya duka la baba yetu, fundi saa, nami nikafuata miaka saba baadaye. Alianza shule ya msingi Januari 1968, akamaliza sekondari mwaka 1978, na miaka yote hiyo walimu waliandika jambo moja kwenye ripoti zake, kwamba ana akili ila anasoma katuni chini ya dawati. Katuni zenyewe zilikuwa za Fundi Kufuli, yule mtu mfupi mwenye funguo kiunoni anayewafungulia waliofungiwa kwa dhuluma, vitabu ishirini na vinne, ambavyo baba alivinunua vikiwa vimeshapita mikononi mwa watu. Mimi nilikuwa sijui kusoma, hivyo kila jioni kaka aliniketisha juu ya debe, akanisomea huku akibadili sauti, na sauti ya Fundi Kufuli aliitoa nzito na ya taratibu, kama ya mtu asiye na haraka na mlango wowote. Nilichokipenda kuliko vyote ni namba kumi na saba, ambamo mwishoni Fundi anawatoa watu gerezani, anaondoka bila kugeuka, na anasema, "Mlango nimeurudishia tu, sijaufunga."

Tarehe 3 Septemba 1979 aliajiriwa kiwanda cha uchapaji, idara ya kujalidi vitabu, akakaa meza ileile ya dirishani hadi alipostaafu mwaka 2021. Kabla ya kushona kitabu chochote alihesabu kurasa zake kwa kidole gumba, moja baada ya nyingine, hata kama meneja amesimama mlangoni anafoka, akisema, "Kisipungue, kisizidi." Tarehe 12 Desemba 1987 alifunga ndoa na shemeji yangu huyu, fundi cherehani, wakajaliwa watoto watatu, muuguzi, dereva wa lori na fundi umeme, na wajukuu watano, ambao wote walikatazwa kushika katuni za babu kabla ya kunawa mikono.

Sinema zilizotengenezwa kutokana na katuni hizo alizichukia kama mtu anavyomchukia mgeni anayehamisha viti nyumbani mwake. Filamu ya kwanza ya Fundi Kufuli ilimpa bastola, kaka akatoka ukumbini kabla ya nusu saa. Walipoirudia mwaka 2003 walimpa mabawa, kaka akaandikia gazeti kuuliza mtu anayeruka ukuta anahangaika na funguo za nini. Ya tatu iliingizwa sauti za lugha yetu, na mimi, mtangazaji wa redio, nikachaguliwa kuwa sauti ya Fundi. Katika tukio la mwisho watafsiri walikuwa wameacha kimya, nikawaambia kitabuni kuna maneno, nikayasema, wakayapenda, yakaingia.

Tarehe 6 Juni 2015, siku ya uzinduzi, kaka nilimkalisha safu ya mbele. Maneno yale yaliposikika alisimama, akageuka mbele ya watu wote, akapiga kelele, "Hayo hayamo! Umekichafua kitabu!" Nikamjibu yamo, ila yeye amezeeka. Akasema nakala kamili alizonunua ukubwani anazo nyumbani, ukurasa wa mwisho hauna hata neno moja, na nisikanyage kwake mpaka nikiri kwamba nimetunga. Sikukiri, kwa sababu sikutunga. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, lakini kwetu watu walilima miaka minane na miezi tisa, na kapu la mavuno ya kupatana halikuchukuliwa na mtu.

Jana shemeji alinituma nikachukue suti ya kumzikia. Chini ya kabati nikakuta namba kumi na saba, si ile nakala yake safi, bali ile yetu ya utotoni, yenye alama ya kikombe cha baba. Nilifungua mwisho, nikakaa chini. Ukurasa wa mwisho ulikuwa umechanika tangu zamani, na mahali pake kaka alikuwa ameshona karatasi mpya, kwa uzi wake wa kazini, na kuandika kwa penseli, "Mlango nimeurudishia tu, sijaufunga. Haya nilimtungia mdogo wangu, asilie kwa kukosa mwisho." Tarehe, 20 Juni 2015. Wiki mbili tu baada ya ugomvi! Alijua, jamani. Alijua, akanyamaza, na mimi nikanyamaza, na namkasirikia hata sasa akiwa amelala hapa. Katikati ya kitabu kulikuwa na tiketi kumi na moja za filamu ile, na shemeji alipozisoma tarehe alishika mdomo, maana ndizo siku ambazo mumewe alimuaga kwamba anakwenda kliniki kupima presha.

Presha hiyo ilikuwa imegunduliwa mwaka 2013. Jumamosi tarehe 9 Machi 2024 alikwenda kuiona filamu ya Fundi Kufuli iliyorudiwa upya, yenye sauti ya mtu mwingine. Mkata tiketi, ambaye yupo hapa nasi, amenisimulia leo asubuhi kwamba mzee alitoka ukumbini, akamuuliza, "Maneno ya mwisho mmeyapeleka wapi?" Akamjibu kwa heshima kwamba safari hii wamefuata kitabu kama kilivyo. Kaka akasema, "Basi kitabu kimekosea." Akaketi kwenye benchi, akaomba maji, akaomba na simu, akisema ana mdogo wake anataka kumpigia, lakini namba hakuikumbuka. Alifariki hospitali kuu, saa kumi na moja na dakika arobaini jioni.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani walioleta viti na maturubai kabla hatujaomba, wenzake wa kiwandani waliojalidi kitabu cha rambirambi kwa mikono yao, na zaidi yule dada wa tiketi, aliyemshika kaka mkono mpaka gari la wagonjwa likafika.

Kaka, nakiri mbele ya watu hawa kwamba hayamo kitabuni. Sauti niliyoitumia ilikuwa yako, na maneno yalikuwa yako. Mlango umeurudishia tu, hujaufunga. Pumzika kwa amani.