Fundi Munyakazi na Rejeta ya Pikipiki ya Manzi

Kigali, tarehe 27 Machi 2026

Kwa Munyakazi Anaclet

Munyakazi Anaclet, fundi mkuu wa gereji ya Ushirika Inzira Nziza hapa Gatsata, anastaafu siku ya Jumanne, tarehe 31 Machi 2026, baada ya kuutumikia ushirika wetu kwa miaka ishirini na sita. Ofisi imeniomba niandike habari zake kwa ajili ya jarida la mwezi huu. Mimi ni mtunza stoo, na dirisha la stoo linatazama meza yake ya kazi, kwa hiyo wenzangu waliona nitakuwa na mengi ya kusema.

Alizaliwa Ngara, Tanzania, ambako wazazi wake walikuwa wakimbizi. Ufundi aliuanzia Kahama, kwenye mashine za kusaga mahindi. Alirudi Rwanda mwaka 1996, akatengeneza majenereta na pampu za maji, na Aprili 2000 ushirika ukamwajiri. Wakati huo gereji ilikuwa paa la mabati na nguzo zake tu, na mvua ikinyesha pikipiki zilisogezwa katikati kama ng'ombe. Watu anaongea nao Kinyarwanda. Injini anaongea nazo Kiswahili, na zikikataa kuwaka anaongeza maneno ambayo jarida hili haliwezi kuyachapa.

Anakunywa chai yenye tangawizi nyingi mno. Anasikiliza injini kwa bisibisi ndefu, ncha kwenye bloku ya injini, mpini sikioni, macho amefumba. Spana anazifuta kwa mashati yake yaliyochakaa, na kabla ya kulichana shati hukata vifungo vyake vyote na kuniletea stoo, nivitie kwenye kopo la majani ya chai. Sijawahi kumuuliza ni vya nini. Mtu akipoteza kifungo hapa gerejini, anajua pa kwenda.

Sheria yake kubwa ilikuwa ya helmeti. Kila motari, yaani dereva wa pikipiki ya abiria, hapa Kigali ana mbili, ya kwake na ya abiria, na Munyakazi hakuruhusu hata moja ivuke mlango wa gereji. Mikono ya mafundi ina grisi, alisema, na abiria akivalishwa helmeti yenye grisi leo, kesho atasimamisha pikipiki ya mtu mwingine. Madereva walizileta kwangu, nikazitundika kwenye misumari ya stoo, wakazichukua wakiondoka. Hata Madamu Prezida wa ushirika wetu, Mukabalisa, alisimamishwa mlangoni siku moja, akaivua ya kwake na kunikabidhi.

Kazi ambayo madereva wataikumbuka zaidi ni ile ya rejeta za oili. Naieleza kidogo kwa ajili ya waliojiunga karibuni. Injini za zamani za silinda moja hupozwa na upepo tu. Zikichoka, mlima mrefu unazishinda. Oili inakuwa nyepesi kama maji, nguvu inapungua, harufu ya kuungua inampanda abiria puani, naye anaomba ashushwe njiani. Mwaka 2022 tulikuwa na pikipiki nne za namna hiyo, na uongozi ulitaka kuziondoa barabarani na kuziuza vipande vipande. Mojawapo ilikuwa ya Manzi, ambaye wengi mlimjua. Alikuwa mume wangu.

Manzi alikuwa ameshaanza kuugua figo. Hakuna mahali ambapo angepewa mkopo wa pikipiki nyingine, na mwenyewe alilijua hilo. Ile ikiondoka, kazi yake ingeishia hapo, na angebaki kukaa nyumbani kwetu Kagugu akisubiri siku za hospitali. Alikuja gerejini, akanipa helmeti zake, akaenda kumuuliza Munyakazi kama kuna la kufanya.

"Lipo," Munyakazi alimwambia. "Lakini hapa halijawahi kufanywa. Utakubali nijifunzie kwako?"

"Hata hospitali wananijifunzia, Mzee. Endelea tu."

Rejeta yenyewe ilitoka kwenye pikipiki kubwa iliyogongwa. Ni kitu chembamba chenye mapezi ya alumini. Oili ya moto hupita ndani yake, upepo huipiga, kisha oili hurudi kwenye injini ikiwa imepoa. Shida ni kwamba injini ya Manzi haikuumbwa na mahali pa kuitolea oili nje. Munyakazi alifungua kizibo kilicho ubavuni mwa injini, pale oili inapopita kwenda juu, akamchorea fundi wa kukereza vyuma kiungio cha shaba chenye midomo miwili, mmoja wa kutoa na mmoja wa kurudisha. Kiungio cha kwanza kilivuja. Cha pili kilivuja kidogo tu, na hicho ndicho kilichomsumbua zaidi, maana kilisubiri injini ipate moto ndipo kikaanza. Cha tatu kilikaa. Mipira ya oili aliipitisha mbali na bomba la moshi, na rejeta akaifunga chini ya taa ya mbele, ikiwa imeegemea vipande vya mpira ili mtikisiko usiipasue. Akajaza oili, akawasha, akazima, akapima tena na kuongeza, kwa sababu rejeta na mipira yake vilikuwa vimekunywa sehemu yao.

"Mimi nangoja figo," Manzi aliwaambia wenzake, "na hii imeshapata rejeta. Kweli duniani kuna upendeleo."

Mukabalisa alikuja kuitazama. Ni mama asiyependa maneno mengi. "Mkutano ni mwisho wa mwezi, baada ya kazi za pamoja za umuganda," alisema. "Hii ikipanda mlima wa Rebero bila kuchemka, zote nne zinabaki. Ikichemka, zote zinaondoka. Sitaki kuijadili tena habari hii."

Siku ya kwanza Manzi alirudi na harufu ileile ya kuungua. "Fundi, iko inachemka," alisema. Munyakazi alivaa helmeti yake, akaiendesha mwenyewe hadi Rebero na kurudi. Haikuchemka. Manzi akaichukua, na kesho yake akarudi na harufu. Munyakazi akafungua pampu ya oili, akaisafisha rejeta kwa petroli, akabadilisha oili yote, akapanda tena Rebero. Ikapoa vizuri. Manzi akaichukua, ikachemka.

Jambo lililomkosesha Munyakazi raha lilikuwa jingine. Jioni Manzi alinibeba kwenda Kagugu, na mlima wote ule injini ilikuwa shwari. Abiria akishuka, inaanza kupata moto. Mzigo ukiongezeka moto unapaswa kuongezeka, hilo kila fundi analijua, na hii ilifanya kinyume.

"Mama Kirezi, hii pikipiki imekupenda," Manzi aliniambia. "Ukishuka tu inakasirika."

Gerejini wenzake hawakumhurumia. Sangwa, ambaye pikipiki yake nayo ilikuwa kati ya zile nne, alimwita kila asubuhi kutoka ng'ambo ya barabara. "Manzi, yewe! Si pikipiki, ni wewe mwenye homa! Kapime!"

"Kacheke vizuri," Manzi alimjibu. "Yangu ikienda, na yako inaifuata nyuma."



Ijumaa ya mwisho kabla ya umuganda, Munyakazi aliamua kwenda akiwa abiria. Nilimpa Manzi helmeti zote mbili kutoka kwenye misumari, Munyakazi akavaa ile ya abiria, wakaondoka. Manzi alinisimulia jioni yaliyotokea huko juu, na tangu hapo aliyasimulia kila mahali.

Walifika Rebero, injini ikiwa shwari kabisa. Munyakazi akashuka, akasogeza kiganja karibu na silinda, akakiacha hapo. Akatikisa kichwa. "Sasa nenda chini, upande tena peke yako. Mimi nitakungoja hapa."

Akavua helmeti, akampa Manzi. Manzi akaitundika, akawasha.

"Ngoja," Munyakazi alisema. "Umefanya nini hapo?"

"Wapi?"

"Hapo mbele. Na helmeti."

"Nimeitundika, Mzee. Hukioni kindoano? Nilikifunga mwenyewe chini ya taa, ili helmeti ya abiria isigongegonge tangi. Miaka yote inakaa hapo."

"Mbele ya rejeta yangu?"

Manzi aliinama akatazama. "Mimi nilidhani wewe ndiye uliyeiweka rejeta nyuma ya helmeti yangu."

Kindoano hicho Munyakazi alikuwa amekiona, akadhani ni cha kutundikia mfuko. Abiria akiwapo, helmeti iko kichwani mwake na upepo unaifikia rejeta. Abiria akishuka, helmeti inarudi kwenye kindoano na kuziba mapezi yote. Na kila mara Munyakazi alipoijaribu pikipiki ile mwenyewe, helmeti ya abiria ilikuwa kwangu stoo, kwenye msumari, kwa amri yake.

Alikaa kwenye ukingo wa barabara, akacheka mpaka machozi. Mama mmoja aliyekuwa akiuza maparachichi alimwuliza Manzi kama mzee wake anaumwa.

"Hapana, mama," Manzi alimjibu. "Ndiyo anapona."

Mchana uleule Munyakazi aliihamisha rejeta na kuifunga ubavuni, kwenye chuma cha kinga, mahali ambapo upepo unafika na helmeti haifiki. Mtu mmoja alimwuliza kwa nini asing'oe tu kindoano. Alisema kuhamisha chuma ni kazi ya mchana mmoja, lakini mazoea ya motari hajui yanafunguliwa kwa spana namba ngapi.

Jumamosi, baada ya umuganda, alisimama mkutanoni, udongo bado uko kwenye buti zake, akaeleza yote kama yalivyokuwa. Alisema injini haikuwa na kosa, Manzi hakuwa na kosa, na kwamba yeye ndiye aliyeifunga rejeta bila kumwuliza dereva anaweka wapi vitu vyake. Kutoka nyuma Sangwa alipaza sauti: "Basi helmeti ndiyo ifukuzwe, sisi tubaki!" Watu wakacheka. Mukabalisa hakucheka.

"Nataka kuiona ikipanda na dereva peke yake," alisema. "Na helmeti itundikwe palepale."

Akaenda kusimama Rebero mwenyewe, na nusu ya mkutano ikamfuata. Manzi alipanda peke yake, helmeti ya abiria ikining'inia chini ya taa. Alipofika, Mukabalisa aliinama karibu na injini, akavuta pumzi kutafuta ile harufu, akasogeza kiganja kama alivyowaona mafundi wakifanya. Manzi alikuwa ameushika usukani kwa mikono miwili ingawa injini ilikuwa imezimwa.

"Zinabaki," alisema Mukabalisa, akaomba pikipiki ya kumrudisha.

Munyakazi alizifungia rejeta zile tatu nyingine, na baadaye wakaja madereva wa vyama vingine. Kila mmoja wao Munyakazi alimwuliza swali moja kabla ya kushika spana: helmeti ya abiria unaitundika wapi? Pikipiki za umeme nazo amejifunza, ingawa hajazoea ukimya wake. "Injini isiyoongea," husema, "utajuaje inaumwa wapi?"

Sasa anahamia Rwamagana. Mkewe, Générose, ametutumia salamu, na anasema pampu yao ya maji imeharibika makusudi ikimsubiri. Nafasi yake gerejini inachukuliwa na Shimwa, ambaye amefanya kazi naye miaka sita na ameshajua yale maneno ya Kiswahili.

Manzi aliiendesha pikipiki ile kwa miaka mitatu mingine. Siku za kusafishwa damu alijipeleka mwenyewe, na akitoka huko, akiwa na nguvu, alibeba abiria mmoja au wawili kabla ya kurudi nyumbani. Mwaka jana, baada ya Septemba, hakuweza tena. Kila Jumapili Munyakazi alikuja Kagugu, akaiwasha injini uani ili oili izunguke, na Manzi akaisikiliza kutoka kitandani na kusema kama iko sawa. Aliposema iko sawa, Munyakazi aliizima, akaingia ndani kunywa chai. Hakuna aliyesema pikipiki iuzwe.

Alifariki mwezi wa Novemba. Tulipokuwa tukiandaa maneno ya msiba, shemeji yangu aliandika "aliyekuwa motari". Munyakazi, ambaye alikuwa amekaa pembeni na wanaume wengine, aliomba kalamu. Akafuta neno la kwanza, akaacha la pili.

Mzee Munyakazi, kwa niaba ya madereva, mafundi na ofisi, asante kwa kazi ya miaka hii yote. Huko uendako upate afya, usingizi wa kutosha, na majirani wenye injini chache mbovu. Siku zako ziwe njema pamoja na Mama Générose.

Tunaomba utukumbuke. Na Manzi umkumbuke.

Nyiraneza Annick, stoo