Mzee Zambarau Akabidhi Funguo za Sakristia

Jumamosi tarehe 31 Januari, baada ya Misa ya asubuhi, msakristia wa parokia yetu anakabidhi funguo na kustaafu, akiwa ameitumikia sakristia kwa miaka thelathini na moja. Maparoko sita wamepita mikononi mwake. Kila mmoja alipofika alidhani yeye ndiye mkubwa wa parokia.

Nimeombwa niandike mimi kwa sababu ni karani wa ofisi, na meza yangu inatazamana na mlango wa sakristia. Kamati ilisisitiza niandike kwa furaha. Furaha ninayo tele. Niliolewa miezi miwili iliyopita, na siku hizi kila kitu nakiona kizuri, hata foleni ya benki. Lakini mzee huyu amenichosha jamani. Amemchosha kila mtu aliyewahi kushika ufunguo, kinanda au ufagio katika kanisa hili, na sioni sababu ya kuficha jambo hilo kwa kuwa tu leo tunamuaga.

Hakuja kuwa msakristia. Alikuwa fundi cherehani, na aliitwa siku moja kupunguza kitambaa cha altare kilichokuwa kikiburuza sakafuni na kumkwaza padri. Alipomaliza akaona kasula moja, joho la padri la Misa, imefumuka kwapani, akaishona. Akaona nyingine. Mwisho cherehani yake ikahamia sakristia, na yeye akaifuata. Tangu hapo parokia haijanunua vazi la ibada dukani. Ni yeye aliyeshona kasula za rangi zote, kanzu za watumishi wa altare na hata pazia la kitubio. Watumishi aliowafundisha, wengine sasa ni baba za watu, lakini wakiingia kanisani bado wanainama kwanza kutazama kama viatu vyao vimefungwa. Hatujawahi kupungukiwa hostia. Hatujawahi kutafuta kiberiti. Misa haijawahi kuanza kengele ikiwa haijalia.

Hayo yote ni mazuri na ni ya kweli. Ila sifa yake haikutoka huko. Ilitoka kwenye Majilio.

Kila Mkristo anajua kwamba wiki zile za kabla ya Noeli ni za kungoja na kujiandaa. Kanisa linavaa zambarau, maua yanapunguzwa, wimbo wa Utukufu unapumzika. Parokia nyingine hungoja kwa ustaarabu. Sisi tulingojeshwa. Mzee aliyalinda Majilio kama mtu anavyolinda ghala la chakula wakati wa njaa. Ukileta ua, analirudisha mlangoni. Ukitundika nyota, unaikuta kesho kwenye droo, imefungwa kwa gazeti. Wanakwaya ndio waliompa jina la Mzee Zambarau, kwa kumkomoa. Yeye akalichukua kama cheo, akaanza kuitikia.

Na hao wanakwaya aliwatesa kuliko wote. Kila mwaka walitaka kuanza mapema mazoezi ya nyimbo za Noeli, na kila mwaka aliwaruhusu kufanyia ukumbini tu, bila kinanda, kwa sababu kinanda ni cha kanisani na kanisani bado hajazaliwa mtu. Mwalimu wa kwaya, ambaye naye si mtu wa kunyamaza, alimfuata hadi sakristia mbele yangu.

"Mzee, hata Maria mwenyewe aliimba akiwa na mimba!"

"Aliimba," alijibu mzee bila kuinua macho kutoka kwenye pindo alilokuwa akishona. "Nyumbani kwa jamaa yake, huko milimani. Hakuomba kinanda cha parokia."

Halafu kuna ngamia. Sanamu za pango letu la Noeli ni kubwa, na msakristia huyu hakubali Mamajusi wafike kabla ya siku yao. Kwa hiyo huwasafirisha. Wanaanzia kibandani kwa mlinzi wa geti, kila baada ya siku chache wanasogea, wanapita bustanini, wanalala jikoni kwa mapadri, na katikati ya Majilio wanaingia ofisini kwangu. Ngamia mmoja hukaa juu ya mashine ya fotokopi. Juu ya kifuniko hasa! Nikitaka kutoa nakala ya cheti cha ubatizo namshusha ngamia, natoa nakala, nampandisha tena, na lazima nimgeuzie kichwa kanisani, maana mwaka mmoja nilimgeuzia barabarani, mzee akaniuliza kama nimempa ngamia likizo. Wateja wanacheka. Mimi sicheki. Mtu mzima nimesoma hadi kidato cha nne, nabembeleza ngamia wa plasta.

Sasa nifike kwenye harusi yangu, kwa sababu bila hiyo mtadhani namsingizia.

Mume wangu ni fundi magari. (Neno hilo, mume wangu, bado linanipa raha kuliandika, mnisamehe.) Ana mikono ya grisi na sauti ya kubembeleza, na akicheka gereji nzima inaacha kazi. Mwaka jana alipata kazi nzuri katika gereji kubwa ya mji wa mbali, aripoti Jumatatu ya kwanza ya Desemba, na mwajiri alishasema mapema kwamba mtu mgeni hapewi ruhusa mpaka katikati ya mwaka. Tukachagua Jumamosi ya mwisho ya Novemba. Saa tisa alasiri tufunge ndoa, Jumapili apakie mizigo akiwa mume wa mtu. Siku hiyo ikitupita, hatukujua tena ni lini.

Mzee alipoona tarehe alikuja mezani kwangu.

"Binti yangu, Misa ya saa kumi na mbili jioni siku hiyo ni ya mkesha wa Jumapili, na ndiyo inayofungua Majilio. Mchana kanisa ni lako. Jioni si lako. Msichelewe."

Nilicheka. Nani anachelewa harusi yake kwa saa tatu? Nikaagiza maua mengi, meupe na ya waridi, kila nguzo, kila benchi, altareni mpaka mlangoni. Yalipopangwa asubuhi ile nililia kwa uzuri. Mzee alizunguka mara moja, mikono nyuma, kama mkaguzi, akasema tu, "Ni mengi kuyatoa."

Saa tisa nilikuwa tayari, gauni limenikaa, shela imebanwa, nimekaa sakristia na mama na shangazi. Bwana harusi hakuwepo. Saa tisa na nusu hakuwepo. Saa kumi simu yake ikapokelewa na mpambe, na ndipo tukajua. Wenzake wa gereji walikuwa wamempambia gari kwa mapenzi yao yote. Walijaza maua na riboni mbele, juu ya boneti na kwenye uso wote wa gari, wakaziba hewa isiingie kwenye rejeta. Gari likachemsha njiani. Mafundi magari sita, wamevaa suti, wamesimama kando ya barabara wanapulizia injini! Mtu mwingine angeacha gari akapanda hata pikipiki. Mume wangu akasema fundi haendi harusini kwake akiwa ameshindwa na gari, akavua koti akaanza kutengeneza.

Na hapo saa kumi mzee akaanza kazi yake. Alichukua chombo cha kwanza cha maua mbele ya altare, akatoka nacho kwa mlango wa pembeni. Akarudi. Akachukua cha pili. Nilimwona kupitia upenyo wa mlango na nikahisi anabeba harusi yangu vipande vipande. Nikamfuata na gauni langu lote.

"Mzee, nakuomba. Wako njiani."

"Najua, mwanangu. Na mimi niko njiani." Akapita na chombo cha tatu.

Shangazi yangu akamwambia maneno ambayo taarifa ya parokia haiwezi kuyabeba. Mzee akamjibu, "Ndiyo, dada," akabeba cha nne. Akatandika zambarau. Akaleta shada la Majilio na mishumaa yake minne. Watu wa Misa ya jioni wakaanza kuingia na kukaa kati ya wageni wangu, wakinitazama kwa huruma, na huruma ndiyo kitu ambacho bibi harusi hawezi kukivumilia.

Bwana harusi aliingia dakika chache kabla ya saa kumi na mbili, shati limeloa, doa la moshi shavuni, mzuri kupita kiasi. Nilitaka kumpiga na kumbusu kwa wakati mmoja. Paroko akatoka, akatazama saa, akazungumza kwa ule upole unaotangulia habari mbaya.

"Wanangu, muda umetushinda. Tufanye baada ya Noeli, kwa utulivu, na maua yenu yote yarudi."

Mama akaanza kulia kilio cha msibani. Mchumba wangu alinishika mkono. Baada ya Noeli angekuwa mbali, na mimi ningekuwa hapa hapa na pete mbili kwenye mkoba. Shangazi akamgeukia mzee, aliyekuwa amesimama na chombo cha mwisho kifuani.

"Haya, wewe na vitambaa vyako! Umefurahi sasa?"

Mzee hakumtazama. Alimtazama paroko.

"Padri, bwana harusi yupo. Bibi harusi yupo. Mashahidi wapo, na waamini wamejaa. Tunangoja nini?"

Hakuna mtu katika parokia hii aliyewahi kusikia swali hilo likitoka kinywani mwake. Paroko akamsogelea.

"Ndani ya Misa hii hii?"

"Hii hii. Ya zambarau." Kisha akanigeukia mimi. "Maua hayarudi."

Na hayakurudi. Nikaolewa katika Misa ya kwanza ya Majilio. Injili ya jioni ile ilikuwa ile ya kukesha kwa kuwa hamjui saa atakayokuja bwana wenu, na kanisa zima likageuka kumtazama mume wangu, mpaka paroko mwenyewe akashindwa kuendelea kusoma. Katika picha zangu paroko amevaa zambarau, altare imevaa zambarau, nyuma yetu mshumaa mmoja tu kati ya minne ndio unawaka, na wanaosimama kunipongeza ni bibi wawili wa Misa ya jioni nisiowajua. Dada wa studio alipozisafisha aliniuliza kama tulikuwa na msiba. Nimekasirika kwa mwezi mzima kuhusu picha zile. Bado nimekasirika kidogo.

Lakini milango mikubwa ilipofunguliwa tutoke, maua yangu yote yalikuwa nje. Yalipangwa pande mbili za ngazi, kila chombo, mpaka barabarani, na mke wa mzee alikuwa kati yake na kopo, anayanyunyizia maji.

"Alinipigia simu akasema lete ndoo zote," mama yule aliniambia. "Nikadhani kanisa linaungua."

Nilimtafuta mzee nimshukuru. Alikuwa ndani, ananyoosha kitambaa cha altare. Aliniambia nje si sakristia yake na huko nifanye ninavyotaka.

Mwezi huu kamati ilitaka kumfanyia sherehe mapema, ukumbi ulipokuwa wazi. Alikataa kabisa, akauliza ataagwaje na bado yuko kazini. Nilimpa rasimu ya maandishi haya aipitie, akaigeuza kifudifudi juu ya meza yangu, akasema ataisoma siku yake. Ndiyo maana mmegawiwa leo baada ya Misa na si Jumapili iliyopita, msije mkailaumu ofisi.

Mzee wetu, kwa niaba ya mapadri, kwaya uliyoitesa, watumishi wa altare na ofisi, asante. Asante sana kutoka kwangu na kwa mume wangu, ambaye mwisho wa mwezi ujao namfuata kwenye chumba chetu kimoja kilichojaa jua. Sasa kabidhi funguo utoke. Mkeo alipita ofisini juzi. Alisema kila mkesha wa sikukuu kwa miaka yote hii amekula peke yake na kukufunikia sahani, na kwamba leo hafuniki. Anapakua saa saba mchana, chakula kikiwa cha moto, uwe umeketi au hujaketi. Tunakuombea afya, usingizi wa mchana na miaka mingi mezani pake. Nenda, mzee, unangojwa.