Usinisome Uso

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka mwanamke ambaye wengi wenu mlimwona kwenye mwanga hafifu tu. Alikuwa mpimaji wa ultrasaundi, na taa ya chumba chake aliipunguza ili kioo cha mashine kisomeke. Wagonjwa walimwita Mama Vuguvugu. Jeli ya kupaka tumboni huwa baridi. Yeye aliilaza chupa yake kwenye bakuli la maji moto kabla mgonjwa wa kwanza hajaingia.

Mama Vuguvugu hakutaka mtu apande kitandani bila kujua linalomngoja. Alieleza yote, taratibu. Kipimo hiki hakichomi wala hakikati. Kinatumia mawimbi ya sauti, si mionzi. Anayepimwa ini aje bila kula. Anayepimwa kibofu anywe maji ya kutosha na ajizuie kwenda msalani. Fundi mmoja wa magari alitii agizo hilo kupita kiasi. Kifaa cha kupimia kilipomkandamiza chini ya kitovu, alisema huku meno yamebana, "Mama, ukibonyeza tena hapo, tutafua shuka."

"Shuka ni la hospitali," akamjibu. "Suruali ndiyo yako."

Neno lake kubwa lilikuja mwisho, kabla hajashika kifaa: "Nikinyamaza, napima. Usinisome uso. Majibu atakupa daktari."

Binti yake ametueleza neno hilo lilikotoka. Mama alipokuwa mgeni kazini, alimpima mjamzito aliyewahi kupoteza mimba. Alinyamaza ili apime kichwa cha mtoto sawasawa, akakunja uso kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Mjamzito akaanza kulia. Alishamzika mwanawe moyoni, na mtoto yu hai, anapiga mateke. "Mama alisema uso wake ulidanganya kabla hajafungua mdomo," anasema binti. Tangu siku ile hakumpima mtu bila kumwambia neno lile.

Mwaka huu macho yake yalianza kuwa ya manjano, na nguo zikampwaya. Safari hii yeye ndiye aliyepanda kitandani. Mpimaji alikuwa mwanamke ambaye Mama Vuguvugu mwenyewe alimfundisha kazi. Binti alisimama pembeni. Aliona jeli ikipakwa, kifaa kikiwekwa, kisha kimya. Mkono ukasimama juu ya ini. Ukasogea, ukarudi palepale. Ukarudi tena.

"Mwanangu," Mama Vuguvugu akasema, "hujaniambia."

Yule akasema, "Nikinyamaza, napima. Usinisome uso, mama."

"Haya. Pima vizuri."

Kisha akafumba macho, na hakuyafumbua mpaka jeli ilipofutwa. Binti alidhani ni maumivu. Walipofika kwenye korido alimwuliza. Mama akamkumbusha kwamba kipimo hakiumi, hilo amewaambia watu miaka yote.

"Nilifumba," akasema, "ili mwenzangu apate pa kuuweka uso wake, nisiusome."

Majibu aliyapata kwa daktari, kama kila mgonjwa. Ilikuwa saratani ya ini. Wiki iliyopita alizikwa.

Kwa mume wake, kwa binti yake, na kwa yule anayeendelea kuilaza chupa kwenye maji moto: poleni sana. Nasi, wasikilizaji wapendwa, tujiulize. Nani nyumbani kwetu anasubiri jibu, na kwa sasa anausoma uso wetu? Tumwambie kwanza kwa nini tumenyamaza.